Foronya Getini

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu hiki kimetoka ndani ya foronya. Mgeni fulani wa gesti alikisahau kitandani, kikaja kwetu dobi kimeviringishwa pamoja na mashuka, na kama nisingekigusa kwa bahati kingeingia mashineni kikatoka uji. Kurasa zote nyeupe. Nimepiga simu gesti, wakasema mwenyewe keshaondoka, kichukue tu. Nimekichukua.

Nikashinda najiuliza nitaandika nini, mpiga pasi mimi. Jioni kaka akapiga simu kutoka kwa mama. Madaktari wa macho watafika hospitali ya kule mwisho wa Aprili, na jina la mama limo, Jumanne tarehe 29. Jicho la kulia lilishazima, la kushoto linaona ukungu. Wasipomfanyia safari hii, mpaka mwakani, na kaka anasema mwakani hakutakuwa na cha kuokoa. Mama akamnyang'anya simu. "Mimi sipasuliwi jicho mpaka wewe uwe umenishika mkono. Kaka yako mikono yake kama ya kushikia usukani." Kaka akacheka, maana kweli ni dereva wa lori. Mama hakucheka.

Akishapasuliwa, wiki mbili asiiname, asibebe kitu, atiwe dawa kila baada ya saa chache. Kaka leo yupo, kesho yuko barabarani. Ni mimi tu. Basi nitakuwa naandika humu, nikifika nimsomee pale kitandani, ajue nilivyokuwa nashinda. Kila siku ananiuliza, na salio linakwisha kabla sijamaliza kujibu.

Wiki mbili tu. Mwaka huu sijapumzika isipokuwa zile siku nne za msiba wa baba mkwe. Likizo ninayo.

Alhamisi, 6 Machi

Masika yameingia, na foronya getini!

Mama ataniuliza foronya gani, acha nieleze. Dobi yetu inafua mashuka ya hospitali, ya gesti na ya mabweni. Mashine ya kukaushia ilikufa mwaka juzi, kwa hiyo kila kitu kinaanikwa uani. Kukinyesha hakikauki, na kisichokauka hakipigwi pasi. Ndiyo maana mvua ikishika alfajiri, mlinzi anatundika foronya nyeupe getini. Ukiiona kutoka kona ya fundi baiskeli, unageuka hapo hapo. Huna haja hata ya kufika. Na mshahara haukatwi! Mwenye dobi tumempa jina la Baba Huruma, na hilo jina analijua na linampendeza.

Leo nilifika pale kona pamoja na Kamba. Kamba ni mwanikaji, rafiki yangu, mrefu na mwembamba, ndiyo maana tunamwita hivyo. Akaiona kwanza. Akaruka mpaka mwavuli ukapinduka. "Asante Baba Huruma! Leo nalala mpaka mbavu ziume!"

Nikarudi nyumbani nacheka njia nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Foronya. Nimefua nguo za nyumbani, hazikukauka.

Jumanne, 11 Machi

Foronya. Baba watoto, fundi wa kuchomelea, ambaye bosi wake hana hata salamu, kanitazama nikijifunika tena shuka. "Wewe ulizaliwa na bahati," kasema, akatoka na mvua yake.

Ijumaa, 14 Machi

Foronya tena. Nimekaa juu ya ndoo natazama maji yakichungulia kizingitini. Jumatatu naenda ofisini kuomba likizo.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimekwenda ofisini.

Karani wetu wa ofisi tunamwita Bi Kufuli. Anafungia kalamu, anafungia sukari ya chai, anafungia karatasi za chooni, na mdomo wake ndiyo kabisa. Amevaa sweta lile lile tangu nimjue. Nikamwambia naomba wiki mbili kuanzia mwisho wa Aprili, mama yangu anapasuliwa jicho.

Akafungua kadi yangu. "Una siku tano."

"Tano za nini?"

"Za likizo."

Nikadhani amechukua kadi ya mtu mwingine. Nikamwambia, dada, angalia vizuri, mimi ni yule wa pasi ya dirishani. Akanisomea polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa cheti. "Kila mwezi unaofanya kazi unakupa siku mbili. Mwaka wako unaanzia Mei, ulipoajiriwa. Miezi kumi, siku ishirini. Toa nne za msiba, kumi na sita. Toa foronya saba za mvua za mwaka jana na nne za mwezi huu. Tano."

"Toa nini?"

"Foronya. Siku ya foronya ni siku ya likizo. Ndivyo ilivyoagizwa."

"Imeagizwa na nani? Lini? Mbona hatukuambiwa?"

Akafunga kadi, akafunga droo, akafunga kufuli la droo. "Mshahara hamkukatwa," akasema. "Mlidhani mnalipwa kwa jina gani?"

Nikatoka. Kumbe nilikuwa likizo! Nilikuwa likizo nimekaa juu ya ndoo. Nilikuwa likizo nikifua nguo zisizokauka. Siku za kumshika mama mkono nimezitumia kutazama maji ya mtaroni, na nikashukuru, nikacheka njia nzima!

Kamba hakuamini, akaenda kujiulizia mwenyewe. Yeye aliajiriwa Agosti na alishachukua siku tano mtoto wake alipolazwa. Akarudi uani macho yamemtoka. "Dada, mimi nadaiwa siku mbili. Mtu anadaiwaje siku? Nizitoe wapi, niishi harakaharaka?"

Tulicheka, lakini kile si kicheko. Yule mwanamke mchawi. Mtu wa kukaa na kadi zetu humo ndani akitupunguza kila mvua, halafu anatuitikia salamu!

Jumatano, 19 Machi

Foronya. Zimebaki nne.

Jumatatu, 24 Machi

Foronya. Tatu.

Jumanne, 25 Machi

Mbili. Redioni wakulima wanashukuru kwa mvua. Nikaizima redio. Baba watoto akauliza redio imekosa nini.

Jumatano, 26 Machi

Jua. Tumepiga pasi mpaka vidole vikafa ganzi, mashuka ya siku tatu yote yamekuja pamoja. Saa ya chakula nimekwenda kwa Baba Huruma mwenyewe. Nilijiambia Bi Kufuli ndiye anayechanganya mambo, mzee hajui.

Akanikaribisha kiti. Akamuulizia mama kwa jina la utani nililowahi kumtajia mwaka jana, na alikumbuka jicho gani ni baya zaidi. Huyu mtu ana kumbukumbu ya mapenzi kabisa. "Mama yako ni mama yangu," akasema. "Mpelekee sabuni hii." Akanipa boksi zima.

Nikasema, mzee, sabuni nashukuru, lakini ninachoomba ni siku. Nikamwambia habari ya foronya.

Akaegemea kiti. "Binti yangu, mvua nimeileta mimi?"

"Hapana, mzee."

"Siku hizo ulikaa nyumbani au hukukaa?"

"Nilikaa."

"Nilikulipa au sikukulipa?"

"Ulinilipa, lakini sikujua kama..."

"Basi hiyo ndiyo likizo. Mtu yuko kwake na mshahara unaingia. Kuna likizo gani nyingine?" Akacheka, siyo kwa ubaya. Akanionyesha dirisha lake linalotazama barabara. "Na mlikuwa mnafurahi. Mimi husimama hapa. Nawaona pale kona kwa fundi baiskeli, mkigeuka mnaruka. Nikawa najisemea, angalau watu wangu wanapumzika."

Kweli tuliruka.

"Siku mbili zako zipo," akasema akinisindikiza mlangoni. "Ila siyo jua likiwaka. Jua likiwaka namhitaji kila mtu. Chukua kukinyesha."

Nimerudi na boksi la sabuni kichwani. Kukinyesha, likizo inaliwa. Jua likiwaka, likizo hairuhusiwi. Nimeligeuza hilo jambo kila upande kama shati na sijaona mahali pa kutolea mkono.

Jumapili, 30 Machi

Mama kapiga. "Umeshapata ruhusa?" "Bado kidogo, mama." "Bado kidogo ni nini?" Salio likakata. Safari hii nilishukuru.

Jumatano, 2 Aprili

Foronya, na sikugeuka.

Nimepita kona ya fundi baiskeli, naye akaniita, "Dada, huoni leo hakuna kazi?" Nikaenda mpaka getini. Mlinzi wetu ni mzee mpole, anatembea na redio ndogo mfukoni. Akanitazama kupitia nondo.

"Mama, foronya imetoka."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Nimekuja kazini."

"Lakini foronya imetoka."

"Foronya siyo mwajiri wangu. Nifungulie."

Hakufungua. Ana amri: siku ya mvua haingii mtu. Ila alinipitishia kigoda chake juu ya geti, yeye akabaki amesimama. Nimekaa hapo mbele ya dobi na mwavuli mpaka adhuhuri, gauni limelowa mpaka kiunoni. Nilikuwa nataka waandike nilikuja. Mara mbili niliinua macho nikamwona Bi Kufuli dirishani, na sweta lake. Mara ya pili hakujificha.

Nikamuuliza mlinzi, akiandika waliokuja ataniandika? Akasema daftari lake ni la wanaoingia.

Imebaki moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Nina homa. Sithubutu kukosa. Jua kali.

Jumanne, 8 Aprili

Foronya. Sina siku.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekosea juu ya mtu. Acha niandike yote.

Nilikwenda chumba cha sabuni kuchukua wanga wa makoti ya madaktari. Bi Kufuli akaingia nyuma yangu, akafunga mlango. Nikajiandaa kwa ugomvi, maana tangu Machi sijamjibu salamu. Akakaa juu ya gunia.

"Uliketi mvuani kwa sababu gani?" akauliza. "Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea uone aibu."

"Niliona," akasema.

Halafu kufuli likafunguka. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Alisema likizo ni kitu unachokiomba, au unachopangiwa ukajulishwa mapema, ukajua kuanzia leo mpaka tarehe fulani mimi nimepumzika, naweza kusafiri, naweza kulala, hakuna wa kuniita. "Ukirudishwa getini asubuhi kwa sababu mwenye kazi hana kazi siku hiyo, hiyo siyo likizo. Umerudishwa tu. Kesho yake hujui kama utaitwa. Mtu asiyejua kesho yake amepumzika wapi? Siku hiyo ni juu ya mwenye dobi, na siku zako zinabaki zako. Hata ukiumwa ni hesabu nyingine, hailiwi humo."

"Kumbe unajua!"

"Nimesomea."

"Sasa mbona unatuandika?"

Akawa anakunja ncha ya sweta. "Nilimwambia mwaka jana, foronya ya kwanza tu. Nikamwandikia na barua. Akanijibu vizuri, unajua anavyojibu vizuri. Akasema, binti yangu, kazi za ukarani ni chache na makarani ni wengi. Nikaandika nilivyoambiwa."

Nikamuuliza yeye mwenyewe huwa anapumzika lini.

"Huu mwaka wa tatu sijachukua hata siku moja. Mvua ikinyesha mimi siyo wa kamba za kuanikia wala wa pasi, naingia. Jua likiwaka naingia. Nikiondoka, nani atawahesabu?" Akacheka kidogo, na machozi yakatoka kwenye kicheko hicho hicho.

Mimi nilidhani anashika funguo. Kumbe naye amefungiwa humo humo, tofauti yake ni kwamba yeye anaona kufuli kwa karibu. Nikamwambia samahani, nilikuita mchawi. "Najua," akasema. "Kuta za ofisi ni za mbao." Akachukua kipande cha sabuni ili aonekane alikuja kwa jambo fulani, akatoka.

Jumanne, 15 Aprili

Leo mwezi wangu wa kumi na moja umetimia, kadi yangu imeota siku mbili.

Jumatano, 16 Aprili

Foronya. Imeliwa moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaka: "Mama anasema kama huji, asisumbuliwe na gari la hospitali. Anasema amekwishaona vya kutosha." Nikamwambia mpe simu. Akasema hataki simu. Mama yangu, anayenyang'anya watu simu, hataki simu. Nimelia kwenye beseni la vyombo na baba watoto akaosha vyombo vilivyobaki, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa hii.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemweleza Kamba yote niliyosikia chumba cha sabuni, bila kumtaja aliyesema. Kamba akawaeleza wa kamba, wa kamba wakawaeleza wa mashine. Mpaka saa ya kutoka uani hapakuwa na wimbo. Kamba kasema, "Kesho itanyesha. Goti langu limesema. Atakayegeuka pale kona nitamvunja mwavuli."

Jumanne, 22 Aprili

Ikanyesha, goti la Kamba lisiaibike. Foronya ikatoka. Na pale kona ya fundi baiskeli hakugeuka hata mmoja.

Tulifika getini kundi zima. Mlinzi akatutazama, akaitazama foronya, akazima redio yake. "Nimeagizwa nitundike foronya," akasema. "Leo sikuagizwa nifunge geti." Akaenda chooni, na geti limeegeshwa tu. Mungu amzidishie.

Tukaingia. Sasa tukaingia tufanye nini? Mashuka ya hospitali ya juzi yako kwenye makarai, mabichi, yameanza kunuka. Nikasema leteni. Nikaiweka pasi kwenye moto wa mwisho nikaikandamiza juu ya shuka bichi. Mvuke ukaruka mpaka darini. Shuka ninalolipiga mara moja nikalipiga mara nne, na likakauka. Wa kamba wakawa wanakamua wawili wawili, wa mashine wakawa wanatupitishia, sisi wa pasi tukawa tunakausha. Chumba kikajaa mvuke hata huoni aliye mbele yako. Kamba akaimba, sote tukaitikia. Gari la hospitali lilipofika alasiri kuambiwa kama kawaida leo hakuna, likapakiwa mashuka makavu, ya moto.

Dereva wa hospitali kasema ataiambia dunia nzima. Nimerudi nyumbani mikono imeungua sehemu tatu na moyo mwepesi. Siku yenye kazi siyo likizo, atasema nini sasa? Atakubali tu, na zile nyingine atazirudisha, na Jumamosi niko njiani!

Jumatano, 23 Aprili

Mvua, na getini hakuna foronya.

Baba Huruma katukusanya chumba cha pasi. Anatabasamu. "Wanangu, mmenifundisha. Miaka yote nadhani mvua ni kizuizi, kumbe kazi ipo. Kuanzia leo foronya imekwisha. Hakuna mtu atakayerudishwa tena."

Tukapiga makofi! Mimi ndiye niliyeanza.

Akangoja makofi yaishe. "Sasa kwa kuwa kukausha kwa pasi kunachukua muda mara nne, na hospitali wameongeza mzigo, namhitaji kila mtu kila siku. Likizo hakuna mpaka masika yaishe."

Kamba akauliza, na zile siku za nyuma? "Zile mlishapumzika," akasema kwa upole, akatutakia kazi njema. Keshokutwa anasafiri kutafuta pasi nyingine za mtumba, anarudi katikati ya wiki ijayo.

Tulitengeneza mlango kwa mikono yetu wenyewe, tukaufunga, tukamkabidhi ufunguo na makofi juu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikarudi kwenye shuka.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia baba watoto naondoka hivyo hivyo, wanifukuze. Kasema, "Ada ya watoto ni mwezi ujao." Halafu kasema, "Nenda." Halafu akasema tena ada ya watoto. Tumekaa hivyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Karani kaniita ofisini. Sitamwita tena lile jina.

Mzee alishaondoka tangu asubuhi. Juu ya meza palikuwa na kadi yangu, wino na mhuri. Amezikata foronya zote kwa mstari mwekundu, moja moja, na pembeni ya kila moja ameandika: alirudishwa, hakukuwa na kazi. Chini kabisa, siku zilizobaki: kumi na nane.

"Kwa zile wiki mbili ulizoomba unaondoka kesho, unarudi tarehe kumi na mbili Mei, na zitakazozidi zinabaki zako," akasema. "Jumapili hazihesabiwi. Hii hapa barua yako ya likizo, ina mhuri. Ukiulizwa popote, hukutoroka."

"Ulipewa ruhusa?"

"Kupanga likizo ni kazi ya karani. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua yangu ya ajira. Nimeisoma tena jana."

"Akirudi?"

"Nitamwambia nimehesabu." Akaninyooshea barua. Mkono wake ulikuwa baridi, na mimi nikaushika, sikuuachia haraka. Akasema, "Haya, nenda, usinililie kwenye karatasi."

Jumapili, 27 Aprili

Nimefika. Mama alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza upande usio wangu. Nikamwamkia. Akageuka kwenye sauti akasema, "Umechelewa," kama nimetoka dukani. Kisha akanishika uso kwa mikono yote miwili na hakuachia mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemshika mkono. Amenivunja vidole.

Jumatano, 30 Aprili

Muuguzi alimfungua bandeji asubuhi. Mama akapepesa, akatazama dirisha, akatazama shuka, akasema limepigwa pasi vibaya. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa natabasamu meno yote nje. Mama hakutabasamu.

"Nani kakuchosha hivi, mwanangu?"

Miaka minne hajaniona. Nilitoka nikasimama ukumbini.

Ijumaa, 2 Mei

Kamba kapiga simu. Mzee karudi, kaiona kadi yangu. Hakupiga kelele. Alimwita karani mbele ya watu wote, akasema amegundua binti huyu hajapumzika miaka mitatu na hilo ni kosa, kwa hiyo anampa likizo yake yote kwa mpigo, kuanzia saa hiyo, asirudi mpaka atakapoitwa. Akamchukua funguo. Karani akatoka getini na sweta lake na hakuna aliyesema kitu. "Hata mimi," Kamba kasema. "Na mdomo wangu huu!"

Mama ananitazama ninavyoandika. Sasa hakuna kinachompita.

Jumanne, 6 Mei

Namsomea mama kitabu hiki kidogo kidogo, kati ya dawa na dawa. Anakatiza kila mstari. Baba Huruma amemtukana tusi ambalo sikujua analijua. Goti la Kamba limemfurahisha. Jana nilipomaliza ya chumba cha sabuni akauliza, "Huyo karani, zake nani kazihesabu?"

Nikasema hakuna, mama. Yeye ndiye mhesabuji.

"Nyie wote mlikuwa na yeye. Yeye alikuwa na nani?"

Nikampigia Kamba nikamuuliza swali lile lile, maneno yale yale ya mama. Akasema, "Nimekusikia." Akakata.

Leo huku mvua inanyesha toka asubuhi, juu ya bati la mama, na hii hainipunguzii chochote. Kamba kapiga tena, nyuma yake nasikia kelele za watu. Anasema kwao jua linawaka kama la kiangazi. Mashuka ya hospitali yamejaa makarai yote. Na getini kuna foronya! Wameitundika wenyewe. Wote wamekaa ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha fundi baiskeli, na mlinzi amewatolea kigoda. Mzee amesimama dirishani anawatazama. Wameshamtumia ujumbe: karani akiingia na funguo zake, foronya inashuka.

"Atakubali?" nikauliza.

"Sijui, dada. Mimi nimekaa tu. Na naogopa, nisikudanganye."

Haikupita saa nzima simu ikalia tena. Ilikuwa sauti ya Baba Huruma, ile nzuri. Akaanza kwa kumuulizia mama, jicho linaendeleaje, dawa anatiwa kwa wakati? Nikamjibu. Kisha akasema, "Binti yangu, wenzako wamepotoka, na wewe wanakusikiliza. Panda basi la kesho uje uzungumze nao. Hizo siku zako nitakurudishia baadaye."

Ada ya watoto ni mwezi huu. Kazi ninayo bado, ninaitaka, na tarehe kumi na mbili nitasimama mbele ya geti lile na sijui nitakuta nini.

"Niko likizo, mzee," nikasema.

"Nasema uje..."

"Niko likizo."

Nikakata, nikaisukuma simu ndani ya foronya ya mama, chini kabisa, ikaanza kutetemeka humo. Mama akaweka kichwa chake juu yake bila kuuliza, akaniangalia kwa jicho lile moja zima.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa umefika wapi?"

Nikatafuta ukurasa. "Getini," nikamwambia. "Nilikuwa nimefika getini."